Mzee asiyejulikana jina: jinsi ya kuisoma picha ya karne ya 19

Ndugu msomaji, wiki hii naziweka kando siasa za kaunti na bei ya unga, nikupeleke Nairobi. Tuingie Kibera, mtaa wa Makina, katika chumba cha wageni cha mama mmoja wa Kinubi aliyenikaribisha chai baada ya swala ya Alasiri. Juu ya kabati la vyombo imetundikwa picha kubwa ya mwanamume. Amekaa kitini, amevaa kanzu na kizibao, kilemba kichwani, na mkono wake mmoja umelala juu ya meza ndogo yenye kitabu. Anatazama mbele bila kucheka.

"Huyu ni nani, mama?"

"Ni babu."

"Babu yupi? Mzaa baba au mzaa mama?"

Akanyamaza kidogo. "Babu wa zamani, mwanangu. Aliyekuja na jeshi. Mama yangu alikuwa akilitaja jina lake, mimi limenipotea."

Picha hiyo si yenyewe ya asili, ni nakala iliyokuzwa. Ya asili ilikuwa ndogo, ya kukaa kiganjani, imebandikwa juu ya kadi ngumu, na nyuma yake palikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu. Miaka kadhaa nyuma mjukuu alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete ushahidi wa babu zake. Wakakusanya karatasi zote za nyumba, na picha ile wakaitia bahashani. Mjukuu alipata kitambulisho baada ya kuhangaika sana. Bahasha haikurudi.

Nimeona picha za aina hii katika nyumba nyingi, za Mji wa Kale Mombasa, Lamu na Unguja, na pia katika makumbusho na maktaba za Ulaya na Marekani, ambako chini yake pameandikwa maneno mawili matatu tu: mwanamume asiyejulikana. Makala haya ni ya kukusaidia wewe uliye na picha kama hiyo nyumbani. Nitaeleza ilikotoka, inavyosomwa, na mipaka ya yale inayoweza kukwambia.

Picha zilivyofika Pwani

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Haukuchukua muda mrefu kufika kwetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa jahazi la kivita liitwalo Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, alirudi kwao na picha za watu na miji ya pwani hii, ambazo baadaye zilichorwa upya na kuchapishwa katika albamu. Mwaka 1860 James Grant, mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja kabla ya kuingia bara. Baadaye John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, naye alipiga picha nyingi za mji na watu wake.

Hao walikuwa wapita njia na watu wa serikali. Studio za biashara zilifuata katika nusu ya pili ya karne ile, na waliozifungua kwa sehemu kubwa walikuwa Wagoa. A. C. Gomes na baadaye J. B. Coutinho ni majina ambayo kila anayeshughulika na picha za Unguja huyakuta. Wateja wao walikuwa wa namna mbili. Kundi la kwanza ni wenyeji wenye uwezo, yaani watu wa jumba la Sultani, wafanyabiashara, makadhi na manahodha, waliolipia picha zao wenyewe. Kundi la pili ni wageni waliotaka kununua picha ya "Mswahili", "Mwarabu", "mchukuzi" au "mwanamke wa Unguja" wakawaonyeshe jamaa zao kwao.

Tofauti ya makundi haya mawili ndiyo ufunguo wa makala yote haya. Aliyelipia picha yake alijulikana jina na kila mtu wa nyumbani kwake. Aliyepigwa ili auzwe kwa mgeni hakuulizwa jina, maana mnunuzi hakulihitaji. Lakini kwenye karatasi wote wawili huonekana sawa. Wote wamekaa kiti kile kile, wametazama mbele vile vile.

Hapa niongeze jambo. Kuna wasomaji watakaosema kwamba wazee wetu hawakuwa wakipigwa picha kwa sababu ya dini. Ni kweli wengi walijizuia kwa ajili ya hadithi zinazowakemea wachora taswira, na wapo wanaojizuia hadi leo. Lakini wanazuoni hawakuwa na kauli moja juu ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuijuzisha, akisema kwamba kamera hukizuia kivuli tu, wala haiumbi kitu. Kwa hiyo usishangae kumkuta shekhe wa zamani mwenye picha, wala usishangae kumkuta ndugu yake hana hata moja.

Mtu hupotezaje jina lake

Ukitazama mikusanyo mikubwa utaona ukubwa wa jambo hili. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo uitwao Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za tangu miaka ya 1860 hadi 1960. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza nayo iliweka picha zake za Afrika kwenye intaneti mwaka 2011 na kuwaomba watu waseme wanachokijua. Humo mzungu aliyesimama pembeni huwa na jina na cheo chake, na watu kumi waliokaa mbele yake huandikwa "wenyeji".

Jina hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoulizwa, kama nilivyosema. Ya pili ni kukatwa: picha hutiwa fremu, kadi yake ikapunguzwa ili ienee, na maandishi yakaenda na kipande kilichotupwa. Ya tatu, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi, ni kutoandikwa na sisi wenyewe. Kila mtu nyumbani anamjua babu, basi nani ataandika jina la babu nyuma ya picha? Vizazi vitatu vikipita, anayemjua hayupo.

Kwa hiyo ukiona pameandikwa "asiyejulikana", usimlaumu moja kwa moja mwenye maktaba. Kukiri kwamba hujui ni bora kuliko kumbandika mtu jina lisilo lake. Ila tujue kwamba neno hilo linaeleza hali ya mwandishi wa kadi. Mzee mwenyewe alikuwa na jina, na ukoo, na watu waliomwamkia njiani kila asubuhi.

Kawangware: picha iliyokatwa

Mama wa Makina aliniambia kwamba nakala ile kubwa ilitengenezwa na kijana mmoja wa Kawangware, kabla picha ya asili haijapotea. Asubuhi yake nikapanda matatu Ngong Road, nikashuka Dagoretti Corner, nikashika njia ya Kawangware.

Njiani nilikumbuka kwamba upande huu wa Nairobi watu wa Pwani waliufika kabla ya reli na kabla ya mji wenyewe. Oktoba 1890 Kapteni Lugard alijenga boma Dagoretti baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, na waliombebea mizigo kutoka Mombasa walikuwa watu wetu, pamoja na askari wa Kisudani. Jina la Lugard limo katika kila kitabu. Majina ya wachukuzi wake tuliyonayo ni machache mno.

Studio ya kijana yule ni chumba kimoja. Mbele kuna M-Pesa, ndani kuna kamera ya picha za pasipoti, skana, kompyuta na pazia la buluu. Alipoona kofia yangu akaniita ustadh. Nikamweleza. Akaikumbuka kazi.

"Ile ya mzee wa kilemba? Ilikuwa imechakaa, ustadh. Niliitoa madoa, nikaibadilisha mandhari ya nyuma, nikakata chini palipokuwa pamechanika."

"Na ulivyoiskani mara ya kwanza, kabla ya kuigusa, bado unayo?"

"Mimi sifuti kazi ya mtu."

Alitafuta kwa muda wa chai moja, akaifungua. Ndugu msomaji, niliyemuona pale alikuwa mtu mwingine. Ukutani Makina mzee amekaa mbele ya rangi ya buluu kama mwombaji wa pasipoti. Kwenye kompyuta amekaa mbele ya pazia lililochorwa nguzo na miti. Kiti kina shada za nyuzi mikononi. Chini ya kiti, nyuma ya mguu wake, kinaonekana kitako cha chuma. Na kwenye ukingo wa chini wa kadi, pale palipochanika, zimebaki herufi tano za chapa: ZIBAR.

Nikamuuliza kama aliskani na upande wa nyuma. Akatikisa kichwa. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakujua kwamba nyuma kuna kitu. Maandishi yale ya Kiarabu, ambayo pengine ndiyo yaliyokuwa jina, yamekwenda na bahasha.

Dalili sita za kusoma picha ya zamani

Wanazuoni wa hadithi walitufundisha kitu ambacho kinafaa hapa. Hawakuipokea habari kwa uzuri wake. Waliuliza imetoka kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, kisha wakaipa daraja: sahihi, hasan au dhaifu. Tuzipe dalili za picha madaraja hayo hayo.

*Kadi na karatasi.* Hii ni dalili nzuri. Picha ndogo iliyobandikwa kwenye kadi ya takriban sentimita 6 kwa 10 ni mtindo ulioanzia Paris mwaka 1854 na kuenea dunia nzima. Kadi kubwa zaidi, ya takriban 11 kwa 16, ilikuja katika miaka ya 1860 na kudumu hadi mwanzo wa karne ya 20. Karatasi ya zama zile ilipakwa ute wa yai, na ndiyo maana picha hizo huwa na rangi ya kahawia na huingia umanjano zikizeeka. Kadi hukupa zama, haikupi mwaka.

*Chapa ya studio.* Hii ndiyo sahihi kupita zote. Jina la mpiga picha na mji wake hukwambia mahali, na anwani ikibadilika hukusaidia kujua wakati. Herufi tano za Kawangware zimetosha kusema kwamba kadi ile ilitoka katika studio ya Unguja.

*Pazia na viti.* Dalili hii ni nzuri ukiwa na picha za kulinganisha. Studio ilikuwa na mapazia machache na samani chache, ikazitumia miaka mingi. Nilipotafuta kwenye simu picha za zamani za Unguja, nilimkuta mtu mwingine kabisa amekalia kiti chenye shada zile zile, mbele ya nguzo zile zile, na chini yake pameandikwa kuwa ni Mswahili tu, bila jina.

*Mkao.* Mama wa Makina na nduguze wamekua wakiambiwa kwamba babu alikuwa mkali, ndiyo maana amekaa wima namna ile. Kile kitako cha chuma nyuma ya mguu kinaeleza jambo jingine. Zamani picha ilihitaji mtu atulie kwa sekunde kadhaa, na mpiga picha alimwekea nyuma fimbo ya chuma yenye mikono miwili ya kushika kisogo asitikisike. Kucheka usitikisike kwa muda wote huo ni kazi. Basi tusiwape wazee wetu ukali ambao pengine ulikuwa wa chuma.

*Mavazi.* Hapa uwe mwangalifu, maana ndipo wengi wanapoanguka. Kanzu, joho, jambia na namna ya kupiga kilemba vilikuwa na maana kubwa Unguja, na mjuzi anaweza kukwambia mengi kwa kuvitazama. Lakini studio nyingine zilikuwa na nguo za kuazima. Yule mtu mwingine niliyemkuta kwenye simu, aliyekalia kiti kile kile, alivaa kizibao chenye mapambo yale yale ya kifuani. Ama watu wawili walikwenda kwa fundi mmoja, ama kizibao kilikuwa cha studio. Kwa hiyo vazi peke yake ni dalili dhaifu. Na rangi pia hudanganya. Mabamba ya kioo ya wakati ule yalikuwa hayaioni rangi nyekundu vizuri, kwa hiyo tarbushi nyekundu ya askari hutoka karibu nyeusi, na buluu hutoka nyeupe. Anayetumia programu ya simu kutia rangi picha ya babu yake ajue kwamba rangi ile ni ya kukisia.

*Sura.* Hii haina daraja, iache. Huwezi kumtazama mtu usoni ukasema ni Mnubi, Mmanyema, Mhadhrami au Mgunya. Wapiga picha wa kikoloni walifanya kazi hiyo, wakawapanga watu kwa pua na nywele kama sampuli za mbegu. Tukiirudia sisi tutakuwa tumeongeza kosa juu ya kosa.

Je, askari wa Kinubi alifikaje Unguja?

Nilipotoka Kawangware nilikuwa na swali gumu. Familia inasema babu alikuja na jeshi kutoka Sudan. Picha inasema Unguja, kizibao na kitabu. Je, huyu ni babu yao, au ni picha ya kuuzwa iliyonunuliwa na mtu, ikatundikwa, na baada ya miaka ikageuka kuwa babu?

Historia ya Wanubi wa Kibera inajulikana kwa sehemu yake kubwa. Wengi ni kizazi cha askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, aliyetengwa na Misri na vita vya Mahdi. Emin alipoondoka na Stanley kuelekea Bagamoyo mwaka 1889, askari wengi walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Lugard aliwakuta mwaka 1891 akawaingiza katika utumishi Uganda. Ilipoundwa KAR mwaka 1902, askari wa Kisudani walikuwa miongoni mwake. Hao ndio waliopewa mahali pa kukaa pembeni mwa Nairobi, msituni, na kwa Kinubi msitu ni kibra. Eneo hilo lilitangazwa rasmi mwaka 1918 likiwa na ekari 4,197.

Lakini hiyo siyo njia pekee. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann aliajiri mamia ya Wasudani huko Misri na kuwaleta kwa bahari kuja kupigana na Bushiri bin Salim pwani ya Tanganyika. Na Wasudani waliokuwa na Lugard mwaka 1890 walitoka naye Mombasa, kabla hajawaona watu wa Selim Bey. Kwa hiyo Mnubi kupita pwani hii katika miaka ile, akavuka Unguja, akaingia studio akiwa na mshahara mfukoni, si muhali. Wala si ushahidi kwamba alifanya hivyo.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu anaweza kusema, hii ni picha tu. Kwa watu wa Kibera picha za wazee zimekuwa zaidi ya pambo. Wanubi walikaa karibu karne nzima wakiitwa wageni katika ardhi waliyozaliwa. Kijana wa Kinubi akitaka kitambulisho alifikishwa mbele ya kamati ya kumhoji asili yake, jambo ambalo sisi Waislamu wa Pwani hatuhitaji kusimuliwa. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibera. Ukizilinganisha na zile 4,197 utaelewa kwa nini kila karatasi ya zamani inashikwa kwa mikono miwili.

Mpiga picha Mmarekani Greg Constantine alipowaendea Wanubi wa Kenya, kazi yake ikatoka kama kitabu mwaka 2011, hakuridhika na kupiga picha mpya. Alikusanya na zile za zamani kutoka majumbani mwao. Aliona kwamba familia zilikuwa na kumbukumbu yao wenyewe, kabatini na ukutani, kabla hajaja mtu wa kuwaandika.

Ndiyo maana ukweli nao una uzito. Picha haithibitishi uraia, na familia ya Makina haihitaji picha ili iwe ya Kenya. Lakini anayejenga dai la haki juu ya dalili dhaifu humpa mpinzani wake nafasi ya kuliangusha lote. Afadhali kusema kwa uwazi: hiki tunakijua, hiki tumekipokea kwa mama, hiki hatujui.

Kurudi Makina

Nilirudi kwa mama na nakala mbili alizonichapia yule kijana, safi, zenye pazia, kiti, chuma na herufi tano. Nilimweleza taratibu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza lile nililoliogopa.

"Kwa hiyo si babu?"

"Sikusema si babu, mama. Nimesema picha ilipigwa Unguja."

Akaitazama ile nakala kwa muda. "Mama yangu alikuwa akisema babu alivuka bahari akaumwa siku zote za njiani. Sisi tulidhani ni ziwa."

Moyo wangu uliruka, nisikufiche. Kisha nikajizuia, kwa sababu katika Kiarabu cha Sudan mto Nile nao huitwa bahr. Mzee aliyeumwa bahr anaweza kuwa aliumwa bahari yetu, au mto wao. Ni habari ya thamani, ina msimulizi, ina njia iliyopokewa. Tuiandike ilivyo, tusiipandishe daraja.

Nilitoa penseli laini. Alisema, nikaandika nyuma ya nakala: Picha ya mwanamume, studio ya Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mujibu wa mwenye nyumba, aliyepokea kwa mama yake, aliyepokea kwa bibi yake, huyu ni babu wa ukoo aliyekuja na jeshi na kuvuka bahari. Ya asili ilikuwa na maandishi ya Kiarabu nyuma, ilipotea. Tukatia tarehe na majina ya mapokezi yote matatu. Nakala ya pili akaiweka ndani ya sanduku la chuma, mbali na ukuta unaovuja.

Wewe ufanye nini

Ikiwa una picha ya aina hii nyumbani, yafuatayo hayana gharama kubwa.

Iskani kabla hujampa fundi yeyote kuisafisha, mbele na nyuma, pamoja na kingo zote za kadi. Mwambie fundi akuhifadhie ile iliyoskaniwa bila kuguswa, na wewe uwe na yako.

Usiikate ili ienee fremu. Tafuta fremu inayoenea picha.

Usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, wino hupenya. Tumia penseli laini, uandike polepole pembeni. Usiitie lamineti, wala gundi, wala utepe wa kunata.

Unyevu wa Pwani, mchwa na jua la dirishani ni maadui watatu. Bahasha ya karatasi ndani ya sanduku kavu ni bora kuliko mfuko wa plastiki.

Ofisi ikitaka ushahidi, peleka nakala. Ya asili ionyeshwe, irudi nyumbani siku hiyo hiyo na aliyekwenda nayo.

Na la mwisho ndilo la kwanza: kaa na mkubwa wa nyumba yenu, mmoja mmoja, uulize huyu nani, nawe ulimjua kwa nani. Andika jina la aliyekwambia. Usingoje Idi, usingoje harusi. Mama wa Makina alilisikia jina lile utotoni mara nyingi, akaliona ni jambo la kila siku.

Kabla sijaondoka aliniambia nisiandike hadi mwisho wa karatasi. Nikamwachia mstari mmoja mtupu juu, kabla ya maneno yote. Akasema ni wa jina, endapo litamrudia usiku.